Shekeli 17 za Yeremia



Leo tuzungumze juu ya shamba. Wewe ni Mkenya, na Mkenya akisikia shamba linauzwa, masikio yanasimama. Unajua utaratibu. Kabla hujatoa hata shilingi moja unaenda ofisi ya ardhi kuhakikisha kwamba jina lililo kwenye hati ni la huyo anayekuuzia. Unauliza majirani. Unaita mpimaji akuonyeshe mawe ya mpaka. Unatafuta wakili, mnaandikiana mbele ya mashahidi, halafu ndipo pesa inatoka. Ukisikia tu kwamba hiyo ploti ina kesi, unarudisha pesa yako mfukoni na kumshukuru Mungu kwamba umejua mapema.

Basi fungua Yeremia 32 na usome sura nzima, usiishie mstari mmoja. Utamkuta mtu ananunua shamba ambalo jeshi la adui limeshalikalia. Muuzaji anajua. Mashahidi wanajua. Mnunuzi mwenyewe anajua kuliko wote, maana ndiye aliyehubiri karibu miaka 40 kwamba jeshi hilo litakuja, na mji utachomwa moto. Halafu analipa. Hadaiwi, hatishwi, hajalewa. Anapima fedha kwenye mizani na kuikabidhi.

Nataka tukae hapo kidogo, kwa sababu wengi mnaoniandikia siku hizi mnauliza swali moja kwa maneno tofauti: Pasta, kuna haja gani? Kuna haja gani ya kusoma, ya kuoa, ya kujenga, ya kupanda, wakati hakuna anayejua kesho itakuwaje? Swali hilo ni la zamani. Aliyelijibu kwa pesa yake mwenyewe ni Yeremia.

Kwanza historia, na nakuomba uvumilie, kwa sababu bila historia sura hii inageuka kuwa hadithi tamu tu ya Sunday school.

Mwaka 597 K.K. Nebukadneza wa Babeli aliuteka Yerusalemu mara ya kwanza. Hili hatulijui kutoka kwa Biblia peke yake. Liko bamba la udongo la Wababeli wenyewe, limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Uingereza kule London, na linaeleza kwamba katika mwaka wa 7 wa utawala wake mfalme aliuzingira mji wa Yuda, akamkamata mfalme wake, akaweka mwingine aliyempenda. Aliyekamatwa ni Yekonia, kijana wa miaka 18 aliyekuwa ametawala miezi 3 tu. Aliyewekwa ni Sedekia. Mabamba mengine yaliyochimbwa Babeli yanataja posho ya mafuta aliyopewa Yekonia na wanawe 5 wakiwa huko uhamishoni. Fikiria hilo: mjukuu wa kiti cha Daudi anapimiwa mafuta na karani wa nchi ya watu.

Pamoja na Yekonia walihamishwa maofisa, mafundi na watu wenye nguvu. Waliobaki Yerusalemu walijiambia kwamba mabaya yamekwisha. Hapo ndipo akatokea Hanania, nabii mwenzake Yeremia, akasimama hekaluni mbele ya watu na kutoa tarehe: miaka 2. Ndani ya miaka 2 vyombo vya hekalu vitarudi, mfalme atarudi, mateka wote watarudi. Watu walipenda sana neno hilo. Hata Yeremia alisema Amina, Bwana na afanye hivyo. (Soma sura ya 28. Mimi napenda hiyo Amina yake, inaonyesha kwamba naye alitamani liwe kweli.) Lakini baadaye Bwana akamrudisha kwa Hanania kumwambia kwamba amewafanya watu watumainie uongo. Hanania akafa mwaka uleule.

Tena ilikuwa katika miaka ileile ya Sedekia kwamba Yeremia aliwaandikia barua waliohamishwa. Ndani ya barua hiyo kuna mstari ambao wewe unaujua kwa moyo. Umeandikwa kwenye kalenda, kwenye kadi za harusi, nyuma ya matatu: Yeremia 29:11, ule wa mawazo ya amani na tumaini la siku za mwisho. Mstari mzuri. Ila jaribu kusoma mstari wa 10, ulio mlangoni kwake. Unasema miaka 70. Mtu wa miaka 30 aliposikia barua ile ikisomwa alijua papo hapo kwamba hatarudi nyumbani. Ndiyo maana barua inawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, wauombee mji walimo. Sijawahi kuona matatu iliyoandikwa Yeremia 29:10.

Sasa tuje kwenye shamba. Sedekia alimwasi Nebukadneza, na katika mwaka wake wa 9 jeshi la Babeli likarudi. Miji ya Yuda ikaanguka mmoja baada ya mwingine. Yeremia 34:7 inasema kwamba miji yenye ngome iliyokuwa imebaki ni Lakishi na Azeka tu. Mwaka 1935 wachimbuaji waliokuwa Lakishi walipata katika chumba cha lango vipande vya vyungu vilivyoandikwa kwa wino, barua za askari wa siku zile. Katika barua moja mwandishi anaeleza kwamba wanaangalia ishara za moto za Lakishi, kwa sababu ile ya Azeka hawaioni tena. Huyo askari hakuandika ili akusaidie wewe kuamini Biblia. Alikuwa kazini, akitoa taarifa, na moto wa upande wa pili ulikuwa umezimika.

Wakati huo Yeremia alikuwa kizuizini katika uwanda wa walinzi, ndani ya nyumba ya mfalme. Kosa lake lilikuwa kusema kwamba mji utatekwa. Kabla ya hapo, jeshi lilipoondoka kwa muda kwa kuogopa majeshi ya Farao, alijaribu kutoka kwenda nchi ya Benyamini kwa ajili ya fungu lake kule kwa jamaa zake, akakamatwa langoni, akaambiwa anakimbilia kwa adui, akapigwa na kufungwa. Mfalme akamhamishia uwanda wa walinzi, na akawa anapewa mkate mmoja kwa siku kutoka njia ya waokaji, mpaka mikate ikaisha mjini. Huyo ndiye mnunuzi wetu: mfungwa anayeishi kwa mkate mmoja.

Akaja Hanameli, binamu yake, mwana wa Shalumu. Nunua shamba langu lililoko Anathothi, kwa maana haki ya kulikomboa ni yako. Sheria ya Walawi 25 ilitaka ndugu wa karibu akomboe ardhi ya ukoo isitoke nje. Haki ilikuwepo, sikatai. Lakini wewe na mimi tumewaona akina Hanameli. Anathothi iko kama kilomita 5 tu kaskazini mashariki ya Yerusalemu. Jeshi lililouzingira mji lilikuwa limekwisha kuikalia nchi yote ya kando. Hanameli anauza kitu ambacho hawezi hata kukikanyaga, anatafuta fedha taslimu katika mji wenye njaa, na anamwendea ndugu aliye jela.

Tena kumbuka watu wa Anathothi walikuwa nani. Rudi sura ya 11. Walikuwa wamemtishia Yeremia kwamba asipoacha kutabiri watamuua. Sura ya 12 inasema hata nduguze na nyumba ya baba yake walimtenda kwa hila. Huko ndiko anakoombwa kununua shamba. Kijiji kilichotaka kumzika sasa kinamwuzia ardhi!

Hapa kuna jambo ambalo sisi wa kanisa la Kiroho tunapaswa kuliangalia vizuri. Neno la Bwana lilikuwa limemjia Yeremia kabla, kwamba Hanameli atakuja na ombi hilo. Lakini ni mpaka Hanameli alipofika kweli ndipo Yeremia anaandika kwamba alijua lilikuwa neno la Bwana. Mtu huyu amekuwa nabii miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, na bado anangoja athibitishe. Sisi mtu akiota ndoto Jumatatu, Jumanne ameshatangaza.

Akalipa shekeli 17 za fedha. Wakati ule Yuda hawakuwa wakitumia sarafu. Fedha ilipimwa kwa uzito. Mawe ya kupimia yaliyochimbwa katika nchi ya Yuda yanaonyesha kwamba shekeli moja ilikuwa na uzito wa gramu 11 na kitu. Kwa hiyo shekeli 17 ni fedha isiyofika gramu 200, unaweza kuishika kwenye kiganja. Kwa shamba ni kidogo. Kwa mtu aliye ndani ya mji unaoelekea kuishiwa mkate, si kidogo hata chembe.

Na utaratibu wote ukafuatwa. Hati ikaandikwa, ikatiwa sahihi na muhuri, mashahidi wakaweka majina yao, fedha ikapimwa, Wayahudi wote waliokuwa wameketi uwandani wakiangalia. Hati zilikuwa mbili: moja imefungwa kwa muhuri, nyingine iko wazi. Nilipokuwa chuo cha Biblia nilijiuliza kwa nini mbili. Jibu liko katika mazoea ya watu wale. Mwaka 1961, katika pango karibu na Bahari ya Chumvi, zilipatikana nyaraka za mama mmoja wa Kiyahudi aitwaye Babatha, aliyeishi kama miaka 700 baada ya Yeremia, na nyingine ni za mtindo huohuo: maneno yameandikwa mara mbili, sehemu ya juu imekunjwa na kufungwa, ya chini iko wazi kusomwa. Mtu akija kubishana juu ya mpaka au bei, mnavunja muhuri mbele ya hakimu na kulinganisha. Kumbe kughushi hati hakukuanzia kwetu.

Halafu Yeremia akamwagiza Baruku, karani wake, aziweke hati zote mbili ndani ya chombo cha udongo ili zikae siku nyingi. Chungu kile ndicho kinanigusa kuliko yote. Mtu anayetarajia kwenda kuanza kulima mwezi ujao haweki hati kwenye chungu. Yeremia alikuwa anajua kabisa kwamba itachukua miaka mingi kuliko maisha yake. Na Bwana alikuwa amemkataza kuoa, soma 16:2. Hana mke, hana mtoto. Ananunua shamba la urithi mtu asiye na mrithi.

Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa kanisani kwetu alinipigia simu. Mwanawe wa kwanza alimaliza chuo kikuu miaka 3 iliyopita na bado yuko nyumbani, anafanya vibarua vya hapa na pale. Sasa wa pili, msichana, ameitwa chuo, na baba anasema hawezi kuuza ng'ombe wa maziwa ili apate mtu mwingine wa kukaa nyumbani na cheti. Akaniuliza, Pasta, tuuze au tusiuze? Ningeweza kumtolea tarehe kama Hanania. Ningeweza kumwambia, mama, ndani ya mwaka huu kijana ataandikwa kazi, pokea! Angesema Amina kwa sauti, na simu ingekatika tukiwa wote tumefurahi. Lakini sikuwa na neno hilo kutoka kwa Bwana, na ng'ombe si wangu. Nilimwambia wakae wote wanne, baba naye akiwepo, wasome Yeremia 32 kwa sauti, halafu wazungumze. Nikamwambia pia asimdharau mumewe kana kwamba hana imani. Baba anayehesabu lita za maziwa anaona jeshi lililoko nje ya ukuta, na Yeremia naye aliliona. Mpaka jana ng'ombe alikuwa bado yuko zizini na mazungumzo yanaendelea. Waombee.

Ukiendelea na sura, utaona kitu ambacho wengi huruka. Yeremia alinunua kwanza, akaomba baadaye. Fedha imeshatoka, hati iko kwa Baruku, ndipo anapiga magoti. Na maombi yenyewe ni ya mtu aliyechanganyikiwa. Anaanza vizuri sana: Wewe uliziumba mbingu na nchi, ukawatoa watu wako Misri kwa ishara. Mistari mingi ya sifa. Halafu anafika kwenye maboma ya adui, upanga, njaa na tauni, anasema mambo uliyosema yametukia, na kwa namna ya kusema, Bwana, nawe bado ukaniambia ninunue shamba mbele ya mashahidi? Maombi yanaishia hapo. Hayana hata Amina.

Nimewaona watu wakiomba namna hiyo kwenye kesha, saa nane za usiku, wanaanza na nyimbo za sifa na kuishia na kimya. Usifikiri hayo si maombi ya imani. Yameandikwa katika Maandiko.

Bwana alijibu, na jibu lina pande mbili ambazo hatuna ruhusa ya kuzitenganisha. Alisema hakuna neno gumu asiloliweza, kisha palepale akasema mji utatiwa mikononi mwa Wakaldayo nao watauchoma moto. Hakuondoa habari mbaya hata moja. Juu ya habari hizo mbaya akaweka neno lingine: mashamba yatanunuliwa tena katika nchi hii, watu wataandika hati na kuzitia muhuri, katika nchi ya Benyamini, kando ya Yerusalemu, katika miji ya Yuda. Tumaini la Yeremia lilikuwa na uzito huo. Halikusema kuzingirwa kutakwisha kesho. Lilisema Babeli haitakuwa na neno la mwisho juu ya shamba lile, na likamfanya atoe fedha yake leo.

Mtume Paulo alipowaandikia Waefeso alitumia maneno yaleyale ya soko la ardhi. Katika sura ya 1 anasema tumetiwa muhuri kwa Roho Mtakatifu, ambaye ni arabuni ya urithi wetu. Arabuni ni malipo ya kwanza, ile pesa mnunuzi anatanguliza kuonyesha kwamba harudi nyuma. Neno lenyewe lilitoka kwa Waebrania na jirani zao, Wayunani wakalichukua, na sisi tukalipata kutoka kwa Waarabu. Ukinena kwa lugha asubuhi na mchana ukakosa nauli, usidhani Mungu amekucheka. Umeshika arabuni. Salio liko kwa Yule aliyemfufua Yesu siku ya tatu, na hajawahi kughairi ununuzi.

Mji ulianguka mwaka 587 au 586 K.K.; wanahistoria wanabishana juu ya huo mwaka mmoja. Hekalu likachomwa. Mwaka 1982 waliokuwa wakichimba sehemu ya kale ya Yerusalemu, iitwayo Mji wa Daudi, walipata madonge 51 ya udongo yenye alama za mihuri. Nyaraka zenyewe zilikuwa zimeteketea, lakini moto uleule uliouteketeza mji uliuchoma udongo kama tofali, na mihuri ikadumu. Mmoja una jina la Gemaria mwana wa Shafani, ambaye katika chumba cha mtu wa jina hilo Baruku alilisoma gombo la Yeremia mbele ya watu (36:10). Mwaka 2005 na 2008 ikapatikana mihuri ya Yukali mwana wa Shelemia na Gedalia mwana wa Pashuri. Hayo ni majina ya wakuu waliotaka Yeremia auawe na kumtupa katika shimo lenye matope, ambamo Mwafrika mwenzetu, Ebedmeleki Mkushi, alimtoa kwa kamba na matambara. Mtu akikutumia kwenye simu picha ya muhuri wa Baruku mwenyewe, wenye alama ya kidole, usiusambaze: ulitokea madukani, si ardhini, na wataalamu waliouchunguza waliona ni wa kughushi.

Na shamba? Sura ya 39 inasema jemadari wa Babeli aliwagawia maskini waliobaki mashamba na mizabibu. Hati iko chunguni, mwingine analima. Yeremia akachukuliwa mpaka Misri na watu waliokataa kumsikiliza, akafika Tahpanesi akiwa mzee, na Biblia haisemi tena habari za kurudi kwake. Hakuna mstari unaoonyesha kwamba aliwahi kuvuna hata gunia moja Anathothi.

Mwaka 539 K.K. Koreshi wa Uajemi aliiteka Babeli bila mji kuangamizwa, na baadaye akawaruhusu Wayahudi warudi. Ezra sura ya 2 ina orodha yao, ukoo kwa ukoo, kijiji kwa kijiji. Ni sura ambayo hata mimi huwa nashawishika kuiruka ninaposoma Biblia nzima kwa mwaka, majina tu na hesabu, watu 42,360 kwa jumla. Ukiwa na Biblia hapo karibu, weka kidole chako kwenye mstari wa 23. Ni mfupi sana. Watu wa Anathothi, 128.